Rutuba Iliyokwenda Baharini: Historia ya Mto Athi-Galana-Sabaki na Bahari ya Malindi

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya udongo na virutubishi vinavyochukuliwa na Mto Athi-Galana-Sabaki kutoka nyanda za juu za Kenya hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi, tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi sasa. Hoja yake kuu ni kwamba kile kinachoitwa uchafuzi huko baharini ndicho kilichoitwa upotevu wa rutuba huko bara, na kwamba utawala, taaluma na lugha vimeyatenga mambo haya mawili kwa muda wa karne nzima. Kwa kutumia ushahidi wa matumbawe, historia ya siasa ya ardhi katika enzi ya ukoloni, na uchunguzi wa msamiati, makala inaonyesha jinsi lawama ya mmomonyoko ilivyogawanywa bila kufuata mto wenyewe. Inahitimishwa kwamba mabadiliko ya tabianchi yameongeza uzito wa suala hili, na kwamba Kiswahili kina nafasi ya pekee katika kulijadili kwa ukamilifu.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba bahari iliko ndiko mito iendako. Methali hii hutumiwa kueleza namna watu wanavyovutwa na penye mali au madaraka, lakini maana yake ya juu juu nayo ina uzito. Kila kinacholegezwa ardhini na kuingia mtoni, kama hakikuzuiwa njiani, hatima yake ni bahari. Udongo wa mashamba, mbolea ya chumvichumvi, kinyesi cha mifugo na majitaka ya miji hufuata njia hiyo hiyo moja.

Tafiti nyingi kuhusu pwani ya Afrika Mashariki zimeitazama bahari kama njia ya biashara, dini na utamaduni. Historia ya Malindi, kwa mfano, imeandikwa zaidi kwa kufuata vyombo vilivyotoka ng'ambo: majahazi ya Waarabu na Wahindi, na merikebu za Vasco da Gama zilizotia nanga huko mwezi Aprili 1498. Upande wa pili wa historia hiyo, yaani kile kilichoifikia Malindi kutoka nyuma yake kwa njia ya mto, haujapewa uzito uleule. Makala hii inaufuata mto. Inauliza maswali matatu: Ni lini maji ya Sabaki yalianza kupeleka baharini mzigo mkubwa kuliko ilivyokuwa desturi yake? Nani alilaumiwa kwa jambo hilo, na kwa nini? Na je, mabadiliko ya tabianchi yanabadilisha vipi uhusiano uliopo kati ya nyanda za juu na bahari?

2.0 Mto mmoja, majina matatu

Mto unaozungumziwa hapa ni wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Vijito vyake vya mwanzo hutiririka kutoka vilima vya Ngong na miinuko ya Kiambu. Mito ya Mbagathi, Nairobi, Ruiru na Ndarugu huungana nao, kisha mto hupita Machakos na kuambaa chini ya uwanda wa Yatta. Katika sehemu hiyo yote huitwa Athi. Baada ya kukutana na Mto Tsavo ndani ya mbuga huitwa Galana. Unapokaribia pwani huitwa Sabaki, na kwa jina hilo huingia baharini kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi.

Majina haya matatu yanaakisi jamii zilizoishi kando yake. Athi ni jina ambalo katika mapokeo ya Wagikuyu na Wakamba huhusishwa na wawindaji. Galana ni neno la jamii ya lugha za Kioromo lenye maana ya maji makubwa. Sabaki ni jina linalojulikana sana na wanaisimu, kwani Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walilitumia kuliita kundi la lugha za Kibantu linalojumuisha Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Hivyo basi, mto huu umetoa jina la ukoo ambamo Kiswahili chenyewe kimezaliwa.

Kugawanyika kwa jina hakukuwa na madhara kwa wale walioishi kando ya mto, kwa kuwa kila jamii iliita sehemu iliyoijua. Tatizo lilizuka pale utawala ulipoufanyia mto jambo lile lile kwa nguvu ya sheria. Athi ukawa suala la maofisa wa kilimo wa bara, Galana ukawa wa wahifadhi wa wanyamapori, na Sabaki ukawa wa maofisa wa pwani. Hakuna aliyepewa jukumu la kuutazama mto kuanzia kijito hadi chumvi.

Maelezo ya kale yanaonyesha kwamba uhusiano wa Malindi na mto ulifahamika mapema. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliueleza mji wa Malindi kuwa uko kwenye mdomo wa mto wa maji matamu, na kwamba watu wake walikuwa wawindaji, wavuvi na wachimbaji wa chuma. Wataalamu wamebishana iwapo mji alioukusudia ndio Malindi ya leo au ni mahali pengine jirani. Hata hivyo, katika maelezo hayo mto ni neema: chanzo cha maji ya kunywa na sababu ya mji kuwapo.

3.0 Kumbukumbu iliyohifadhiwa na matumbawe

Nyaraka za maandishi kuhusu hali ya maji ya Sabaki kabla ya karne ya 20 ni chache mno. Hata hivyo, bahari yenyewe iliweka kumbukumbu. Matumbawe ya jamii ya Porites hukua kwa kuongeza tabaka la chokaa mwaka baada ya mwaka, mfano wa pete za shina la mti. Yanapokua, hunyonya kiasi kidogo cha elementi zilizomo katika maji yanayoyazunguka. Mojawapo ni bariamu, ambayo hubebwa na chembe za udongo wa mtoni na kuachiliwa maji baridi yanapochanganyika na maji ya chumvi. Kwa hiyo, udongo ukizidi mtoni, bariamu huongezeka katika tabaka la tumbawe la mwaka huo.

Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tumbawe kutoka bahari ya Malindi lenye kumbukumbu ya takriban miaka 300. Matokeo hayo yalionyesha kwamba kati ya mwaka 1700 na 1900 kiasi cha udongo kilichofika baharini kilikuwa karibu kile kile. Baada ya hapo, tangu mwanzo wa karne ya 20, kilianza kupanda na hakikurudi tena katika kiwango cha awali.

Tarehe hiyo inastahili kutafakariwa. Karne ya 19 haikuwa kipindi cha utulivu katika eneo la Malindi. Baada ya mji kufufuliwa chini ya Sultani Majid wa Zanzibar mnamo mwaka 1861, mashamba makubwa ya mtama na ufuta yalianzishwa, yakilimwa kwa nguvu za watumwa. Mashamba hayo yalikuwa katika ukanda wa pwani, wala hayakugusa miinuko ambako mto huanzia. Udongo uliobadilisha maji ya Malindi haukutoka Malindi. Ulitoka mbali, na ulianza kutoka wakati maalumu.

Wakati huo ulikuwa na mambo yake. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na kumalizikia kwenye Ziwa Victoria mwaka 1901. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ilifungua njia ya walowezi kumilikishwa ardhi. Nairobi ikawa makao makuu ya utawala mwaka 1905. Misitu na vichaka vya Kiambu vilifyekwa ili kupanda kahawa, na nyanda zinazozunguka Thika zikapandwa mkonge. Wakati huo huo, jamii zilizonyang'anywa ardhi zilibanwa katika maeneo finyu yaliyoitwa risavu, ambako iliwalazimu kulima miteremko iliyokuwa ikiachwa na kulisha mifugo pale pale mwaka mzima. Tumbawe halitaji jina la mtu wala la sheria. Linachosema ni kwamba mabadiliko yalianza baada ya miaka 200 ya utulivu, na mwanahistoria ndiye mwenye wajibu wa kuuliza nini kilitukia bara katika miaka hiyo.

4.0 Siasa ya lawama

Katika enzi ya ukoloni, mto huu ulikuwa mpaka na pia uwanja wa mapambano. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, Wagiriama wengi walikuwa wamevuka Sabaki na kulima ng'ambo yake ya kaskazini, wakifuata ardhi yenye rutuba. Mwaka 1913 utawala wa Kiingereza ulipodai vibarua na kodi, Mekatilili wa Menza aliwahamasisha watu wake wakatae. Alikamatwa na kupelekwa Kisii, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1914 vita vilipozuka, moja ya shabaha za utawala ilikuwa kuwaondoa Wagiriama kaskazini mwa Sabaki. Nyumba zilichomwa na watu wakavushwa kwa nguvu kuelekea kusini, kabla ya kuruhusiwa kurejea miaka michache baadaye. Kwa serikali, Sabaki ilikuwa mstari wa kutenga watu. Udongo uliokuwa umeanza kuongezeka katika maji ya mto ule ule haukumshughulisha mtu.

Robo karne baadaye, udongo ukawa suala la serikali, lakini kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1930 habari za vumbi lililofunika nyanda za Marekani zilienea duniani, na maofisa wa makoloni wakaingiwa na hofu ya jangwa. Ukamba ukawa mfano uliotajwa mara kwa mara. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo, aliandika taarifa kali kuhusu hali ya Machakos. Miteremko iliyopasuka makorongo ilikuwa jambo la kweli. Lililokuwa na utata ni maelezo ya chanzo chake. Lawama ilielekezwa kwa wingi wa ng'ombe wa Wakamba. Kunyang'anywa kwa vilima vya Mua na kuzuiwa kwa malisho ya Yatta, pamoja na ukame na nzige wa miaka hiyo, havikupewa uzito uleule.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuwapunguza ng'ombe kwa lazima. Mwaka 1938 mifugo ilikusanywa na kuuzwa kwa bei duni, na mnunuzi mkubwa alikuwa kiwanda cha nyama cha Liebig kilichofunguliwa Athi River. Muindi Mbingu aliwaongoza wanaume, wanawake na watoto kwa mamia kwenda Nairobi kumwona Gavana, wakapiga kambi mjini kwa wiki kadhaa. Muindi alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Hata hivyo, serikali ililazimika kuacha uuzaji wa lazima kabla ya mwaka huo kwisha.

Matukio haya mawili huelezwa katika vitabu tofauti, moja kama historia ya pwani na jingine kama historia ya bara. Yakisomwa kwa kufuata mto, yanakuwa historia moja. Mwanamke wa pwani alipelekwa bara kwa sababu ya ardhi ya mdomo wa mto, na mwanamume wa bara alipelekwa pwani kwa sababu ya ardhi ya chanzo chake. Katika matukio yote mawili, aliyeadhibiwa ni yule aliyekuwa karibu na udongo na aliye mbali na madaraka. Mashamba ya walowezi yaliyokuwa katika bonde hilo hilo hayakuwekwa katika mizani hiyo hiyo, na wavuvi wa Malindi, waliokuwa wakipokea udongo huo, hawakuulizwa.

5.0 Matuta ya Machakos na kitendawili chake

Historia ya udongo wa Machakos haikuishia katika lawama. Baada ya vita vikuu vya pili, matuta yalichimbwa kwa amri, na kwa sababu hiyo yalichukiwa. Baada ya uhuru, watu wale wale waliyachimba kwa hiari yao, wakisaidiana katika vikundi vya mwethya. Aina mojawapo, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko, iliitwa fanya juu. Istilahi hiyo ya Kiswahili imeingia katika maandishi ya wataalamu wa hifadhi ya udongo ulimwenguni na hutumiwa bila kutafsiriwa. Ni mfano adimu wa istilahi iliyosafiri kutoka shamba la mkulima wa Afrika Mashariki kwenda katika taaluma ya kimataifa badala ya kuja kutoka huko.

Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko katika mashamba yaliyochimbwa matuta ulipungua. Hitimisho hilo lilipinga ile dhana ya kikoloni kwamba Waafrika wengi zaidi ni sawa na udongo mchache zaidi.

Hapa ndipo kitendawili kinapojitokeza. Ikiwa Machakos ilipona, kwa nini tumbawe la Malindi halikuonyesha nafuu? Ushahidi wa kwanza hauutangui wa pili. Kwanza, bonde la mto huu lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 70,000, na vilima vya Machakos ni sehemu yake ndogo tu. Watu waliokosa nafasi vilimani walihamia maeneo makavu zaidi ya Makueni na kwingineko, ambako kazi ya kuchimba matuta ilianza upya. Pili, udongo uliomomonyoka zamani haufiki baharini kwa siku moja. Hutua katika mabonde na kingo, kisha mafuriko ya baadaye huuzoa. Tatu, shughuli mpya ziliongezeka: barabara, machimbo ya mawe, na uzoaji wa mchanga mitoni, jambo lililoifanya Kaunti ya Makueni itunge sheria yake ya mchanga mwaka 2015. Bidii ya mkulima mmoja mmoja inaweza kuokoa shamba, lakini haitoshi kuokoa bahari kama bonde zima halikutazamwa kwa pamoja.

6.0 Jiji na mzigo usioonekana

Udongo huonekana kwa macho. Upepo wa kaskazi unapovuma, baada ya mvua za vuli, maji ya rangi ya kahawia kutoka mdomo wa Sabaki husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi. Kusi inapoingia, husukumwa kaskazini. Wavuvi wa Malindi na Mambrui huyatambua majira hayo kwa rangi ya maji. Lakini pamoja na udongo kuna mzigo mwingine usio na rangi, nao ni virutubishi, hasa nitrojeni na fosforasi.

Fosforasi kwa kawaida hung'ang'ania chembe za udongo, hivyo husafiri pamoja na tope. Nitrojeni huyeyuka majini. Chanzo chake kikubwa katika bonde hili ni miji na mashamba ya sehemu ya juu. Sensa ya mwaka 1969 iliwahesabu wakazi wa Nairobi kuwa takriban 509,000. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu kuwa 4,397,073. Mabomba ya majitaka hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Sehemu ya majitaka husafishwa katika mabwawa ya Ruai, na sehemu nyingine huingia mitoni bila kusafishwa, hasa katika mitaa ambayo haikuunganishwa na mabomba tangu mwanzo. Mbolea za mashamba ya Kiambu nazo huongeza kiasi hicho.

Utafiti wa Trent Marwick na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha jambo muhimu kuhusu tabia ya mto huu. Wakati wa kiangazi, maji yanaposonga polepole, vijidudu vya mtoni huibadilisha sehemu kubwa ya nitrojeni ikawa hewa kabla ya kufika pwani. Mto hujisafisha, ingawa kwa gharama ya viumbe wa sehemu za juu wanaoishi katika maji yenye oksijeni kidogo. Wakati wa mvua mambo hubadilika. Maji hukimbia, muda wa kujisafisha haupo, na mzigo hupitilizwa hadi baharini.

Virutubishi baharini si sumu kwa asili yao. Ghuba ya Ungwana, inayopokea maji ya Tana na Sabaki, inajulikana kwa kambamiti, na riziki hiyo inategemea rutuba iletwayo na mito. Madhara huja kiasi kinapozidi. Matumbawe yamezoea maji maangavu yenye virutubishi haba. Virutubishi vikizidi, mwani huota kwa wingi na kuyafunika, ilhali tope huyazibia mwanga. Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968 na kuwa miongoni mwa za mwanzo barani Afrika, iliwekewa mipaka ya kuzuia uvuvi. Mpaka huo unaweza kumzuia mvuvi mwenye nyavu, lakini hauwezi kuzuia maji ya mto.

7.0 Tabianchi kama kichocheo

Tumbawe la Malindi lilitoa pia kumbukumbu ya joto la bahari. Julia Cole na wenzake, mwaka 2000, walichapisha mfululizo wa miaka 194 unaoonyesha kwamba joto la maji ya Malindi lilifuata mabadiliko ya El Niño ya Bahari ya Pasifiki, na kwamba maji hayo yamekuwa yakipata joto. Hivyo, eneo lile lile limehifadhi historia mbili, ya ardhi na ya hewa.

Historia hizo mbili zilikutana mwaka 1997 na 1998. Mvua za El Niño zilileta mafuriko makubwa Afrika Mashariki, na miezi michache baadaye bahari ikapata joto lisilo la kawaida. Matumbawe yalipauka, na katika maeneo mengi ya pwani ya Kenya sehemu kubwa ilikufa. Kwa tumbawe, tope na joto si maadui wawili tofauti. Tumbawe lililodhoofishwa na maji machafu hupata shida kupona baada ya kupauka, kwa sababu mwani huwahi kuchukua nafasi yake.

Miaka ya karibuni imeonyesha mwendo huo kwa ukali zaidi. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kutosha katika sehemu kubwa ya Kenya. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zikanyesha, na masika ya mwaka 2024 yakaleta mafuriko yaliyoua watu na kubomoa makazi, yakiwamo ya kando ya mito ya Nairobi na mji wa Athi River. Ukame huacha ardhi uchi na huruhusu taka kurundikana mitaroni. Mvua kubwa ya ghafla huzoa vyote kwa pamoja. Yakihusishwa na matokeo ya Marwick na wenzake, maana yake ni hii: tabianchi yenye misimu mikavu mirefu na mafuriko makali huuondolea mto uwezo wa kujisafisha wakati ule ule ambao mzigo ni mkubwa kabisa. Kwa hiyo si sahihi kuyataja mabadiliko ya tabianchi kama kisingizio cha kusahau mabomba na matuta. Joto na mvua hukuza kile ambacho ardhi imekwisha kulegeza.

8.0 Lugha ya kulijadili suala hili

Neno rutuba limetokana na Kiarabu, ambako maana yake ni unyevu. Kiswahili kililipa maana ya uwezo wa ardhi kuotesha, na limebaki kuwa neno la sifa tupu. Kutokana nalo kumepatikana kitenzi rutubisha na nomino virutubishi. Ndiyo maana istilahi uchafuzi wa virutubishi huwashangaza wengi wanaoisikia kwa mara ya kwanza. Inawezekanaje kitu cha kurutubisha kikachafua?

Mshangao huo haufai kufichwa kwa kubuni istilahi ngeni, kwa sababu ndani yake umo ukweli wa suala lenyewe. Kitu ni kile kile. Kikiwa shambani huitwa rutuba, kikiwa mtoni huitwa tope au majitaka, kikifika baharini huitwa uchafuzi. Kama vile mto ulivyopata majina matatu, mzigo wake nao umepata majina matatu, na kila jina limekuwa na wizara yake, wataalamu wake na bajeti yake. Mkulima wa Makueni anayenunua mbolea kufidia udongo uliokwenda, na mvuvi wa Mambrui anayelalamikia maji ya kahawia, wanalia juu ya hasara moja bila kujua.

Zipo hatua za kisheria zilizojaribu kuunganisha vipande hivi. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 kuhusu mazingira ya bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi uliongezewa itifaki mwaka 2010 kuhusu uchafuzi unaotoka nchi kavu. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2002 ilianzisha usimamizi wa maji kwa kufuata mabonde ya mito. Inafaa kukumbukwa kwamba mkataba wa kulinda bahari unaitwa kwa jina la jiji lisilo na bahari, ambalo mito yake huifikia bahari. Lakini nyaraka hizi zimeandikwa na kujadiliwa zaidi kwa Kiingereza. Lugha inayozungumzwa na mkulima wa juu, dereva wa lori la mchanga, mlinzi wa mbuga na mvuvi wa Malindi, nayo ni Kiswahili, haijapewa kazi yake kamili katika mikutano ya bonde hili.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ongezeko la udongo katika bahari ya Malindi lina tarehe, na kwamba tarehe hiyo inalingana na mabadiliko makubwa ya umiliki na matumizi ya ardhi mwanzoni mwa karne ya 20. Imeonyesha pia kwamba lawama iliwaangukia wafugaji na wakulima wadogo, ilhali wao ndio baadaye waliothibitisha kwa matuta yao kwamba udongo unaweza kuzuiwa. Zaidi ya hayo, majitaka ya jiji linalokua na misimu iliyovurugika ya mvua vimeongeza mzigo mpya juu ya ule wa zamani.

Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, historia ya pwani ya Waswahili ifundishwe pamoja na historia ya mito yake, iwe ni Sabaki, Tana, Pangani, Rufiji au Ruvuma, ili wanafunzi wasiione bahari kama mahali palipoanzia ufukweni. Pili, wanataaluma wa Kiswahili washirikiane na wataalamu wa maji kuandaa msamiati wa pamoja unaoanzia katika maneno ambayo watu tayari wanayo, kama walivyofanya wakulima wa Machakos kwa fanya juu. Udongo uliokwisha kufika baharini hauzoleki. Ule ulio bado mlimani unaweza kubaki huko, ikiwa anayeulima na anayevua chini yake watapata nafasi ya kuuzungumzia kama mali yao wote wawili.